Mnara Hauna Mizani

Lori la makaa ya mawe likitoka machimbo ya Ngaka na kuingia barabara kuu pale Kitai, dereva anajua kuna mizani mbele ya safari. Anajua ekseli zitapimwa na jumla itasomwa: gari la ekseli saba kikomo chake ni tani 56, kwa sheria ya uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019. Akizidisha atalipa faini, na pengine kupunguza mzigo hapo hapo. Ukiiacha Kitai na kuelekea Mbinga, hukawii kufika Kigonsera, kijiji cha misheni tangu Wabenediktini walipoingia mwaka 1899, mwaka mmoja baada ya kuanzisha Peramiho. Siku hizi jicho la msafiri huanza na minara ya simu, kanisa baadaye. Minara hiyo nayo imebeba mzigo, na mzigo wake unaongezeka mwaka hadi mwaka. Haipiti kwenye mizani yoyote.

Ukihesabu idadi tu, utasema mambo yanakwenda vizuri, na kwa hesabu hiyo utakuwa sahihi. Tarehe 13 Mei 2023, mjini Dodoma, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulitiliana saini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 na kuongeza uwezo wa minara mingine 304. Kwa mtu ambaye alikuwa akipanda kilima jioni ili ampigie mwanawe aliyeko Songea, hilo ni jambo kubwa, nami silibezi. Ninachokiona kikishuka hakionekani kwa macho. Ni ujuzi wa mnara mmoja mmoja. Huu ulisanifiwa kwa upepo wa kasi gani? Ulitakiwa kubeba antena ngapi, za ukubwa gani, zikae wapi? Leo zipo ngapi? Kati ya alichokikusudia msanifu na kinachoning'inia pale juu leo kuna akiba ya nguvu, na akiba hiyo ndiyo inayomlinda mama anayepalilia mahindi chini ya mnara. Kwa minara niliyoifuatilia katika ukanda huu, sikukutana na mtu wa eneo hilo aliyeweza kuniambia imebaki kiasi gani.

Watu wakiutazama mnara wa mita 40 huwaza uzito wake. Uzito ni mzigo rahisi: chuma kinajulikana, antena zina lebo, na miguu mizuri hubeba tani nyingi bila kulalamika. Bwana wa mnara ni upepo. Na upepo una tabia inayowapoteza hata wajenzi wazoefu, kwa kuwa nguvu yake hukua kwa kasi mara kasi. Upepo wa mita 20 kwa sekunde husukuma kila mita ya mraba kwa nguvu ya kilo 25 hivi. Ukifika mita 40 kwa sekunde, yaani kilomita 144 kwa saa, msukumo unakuwa kilo 100. Kasi imepanda mara mbili, mzigo umepanda mara nne.

Sasa chukua dishi moja la upana wa mita 1.2, yale meupe mfano wa ngoma, yanayounganisha mnara na mnara mwenzake. Uso wake ni mita ya mraba 1.13. Kwa upepo huo wa mita 40, ukizingatia na umbo lake, linasukumwa kwa karibu kilo 150. Utasema ni kidogo, kuli wa sokoni anabeba gunia la kilo 100. Lakini dishi liko mita 40 juu, na mnara ni wenzo. Kwenye mnara wa miguu mitatu iliyoachana mita 4 pale chini, kilo hizo 150 zinafika kwenye mguu mmoja zikiwa zaidi ya tani moja na nusu, zikiukandamiza mguu huo huku zikiivuta miwili mingine ing'oke ardhini. Hilo ni dishi moja tu, ambalo mafundi wanalipandisha kwa kamba na kapi kabla ya adhuhuri na kuondoka.

Halafu kuna kilima chenyewe. Upepo unapopanda mlima hubanwa, na ukifika kileleni unakwenda mbio kuliko ulivyokuwa bondeni. Ukiongezeka kasi kwa asilimia 20 tu, mzigo unaongezeka kwa asilimia 44. Mahali wataalamu wa mawimbi wanapopapenda, kwa kuwa panaona mbali, ndipo mhandisi wa chuma anapopaogopa, na nchi hii ya Mbinga imejaa mahali pa namna hiyo. Ziwa Nyasa liko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari; miinuko ya Umatengo inapita mita 1,500 kwa mwendo mfupi tu kutoka ufukweni. Upepo wa kusi wa Juni hadi Agosti, ule ambao wavuvi wa upande wa Malawi wanauita mwera, hupiga ziwa kwa siku kadhaa mfululizo. Hewa ya juu huko ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa karibu asilimia 14 ukifika mita 1,500, na mhandisi aliyebanwa na bajeti atalidai punguzo hilo. Ana haki nalo. Lakini ukilitoa punguzo hilo kwenye ongezeko la kilima, bado unabaki na nyongeza ya karibu robo nzima. Mchoro uliotengenezwa kwa uwanda wa Dar es Salaam, ukaletwa kama ulivyo mpaka kwenye ukingo wa Umatengo, una deni la robo hiyo kabla hata antena ya kwanza haijafungwa.

Mnara unaojisimamia hushindana na upepo kwa upana wa miguu yake. Mnara wa stei, ule mwembamba unaoshikwa na nyaya pande tatu, hushindana kwa mvuto. Unatumia chuma kidogo lakini unataka ardhi: wa mita 60 hupenda nanga zake zikae mita 40 hivi kutoka kwenye shina, na hapo umeshaingia kwenye shamba la jirani. Stei hukazwa mapema, kabla ya upepo wowote, kwa kawaida kama asilimia 10 ya nguvu inayoweza kuikata. Viwango vya Marekani vinavyotumika sana kwa minara duniani vinaruhusu kati ya 7 na 15. Ikilegea, mnara unayumba na dishi linapoteza shabaha. Ikikazwa kupita kiasi, nyaya zenyewe zinaukandamiza mnara chini, kama mkono unavyobonyeza ufito mpaka upinde. Ndiyo maana mzigo wa mnara wa stei hauishii kwenye vitu vilivyofungwa juu. Kila waya unaoushika ni mzigo pia, na mzigo huo unabadilika na joto, na uzee, na mkono wa fundi aliyekaza mara ya mwisho. Mnara wa redio wa Konstantynów, Poland, uliokuwa na mita 646 na kuwa mrefu kuliko kitu chochote kilichojengwa na binadamu wakati wake, ulianguka tarehe 8 Agosti 1991 mafundi wakiwa katika kazi ya kubadilisha stei. Ulikuwa unatunzwa, na bado uliponyoka.

Kwa nanga nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wa huku wanapojua kuliko wageni. Fimbo ya chuma inayotoka kwenye zege la nanga ina kutu ya aina mbili. Ya juu ya ardhi utaiona. Ya chini huila fimbo gizani kwa miaka, na mpaka uchimbe hutajua imebaki nene kiasi gani. Zaidi ya hapo, nanga iliyozikwa haishiki kwa zege lake tu, inashika kwa uzito na ubishi wa udongo ulioifunika. Udongo ukichukuliwa na maji, au ukilowa mpaka ukawa tope, nanga ile ile inashika kidogo kuliko ilivyoandikwa kwenye mchoro. Kimbunga Freddy cha mwaka 2023 kiliua watu wengi kusini mwa Malawi, nchi tunayopakana nayo kwa ziwa hili, na wengi wao walikufa kwa mafuriko na maporomoko ya udongo. Mhandisi anayesoma habari za dhoruba kwa kutafuta kasi ya upepo peke yake anasoma nusu ya habari.

Wamatengo walilielewa suala hili la maji na udongo vizazi vingi kabla ya simu. Ngoro zao, yale mashimo yaliyopangwa kama macho ya wavu kwenye miteremko mikali, hushika mvua ilipoangukia na kuuzuia udongo usiteremke. Mtu aliyekulia kwenye ngoro akiona mfereji mpya umejichimba karibu na zege la nanga, anajua miaka miwili ijayo mteremko ule utakuwaje. Sijawahi kuona fomu ya ukaguzi wa mnara yenye nafasi ya kumwuliza.

Kumbukumbu za mizigo zilikaa wapi zamani? Hadi Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, simu za Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa chini ya shirika moja la posta na simu. Tanzania ikaunda la kwake, nalo likagawanywa mwaka 1994, upande wa simu ukawa TTCL. Tuseme ukweli juu ya enzi ile: kupata laini ya simu kulikuwa kazi ya miaka, na mikoa ya kusini ilihudumiwa mwisho. Wala sitamani irudi. Lakini mwenye mnara, mwenye antena, mwenye kabati la michoro na mwenye mafundi alikuwa mmoja. Dishi lisingepanda bila mtu wa jengo lile lile kujua, na fundi aliyelifunga ndiye aliyerudi mwaka unaofuata kukaza bolti.

Soko likafunguka, kampuni zikaja, kila moja ikajenga minara yake, mara nyingine mitatu kwenye kilima kimoja. Kisha minara yenyewe ikawa bidhaa. Mwaka 2010 Millicom, iliyokuwa mmiliki wa Tigo, ilikubali kuiuza ya Tanzania kwa Helios Towers. Mwaka 2013 Vodacom ikafuata njia hiyo. Mwaka 2021 Airtel ikakubaliana kuuza yake kwa SBA ya Marekani. Kiuchumi ni busara kubwa. Mnara mmoja unaobeba kampuni tatu ni bora kuliko minara mitatu, kwa fedha na kwa ardhi, na kampuni zinazoishi kwa minara zina kila sababu ya kuajiri wahandisi wa kurudia hesabu. Kinachonitia wasiwasi ni umbo la biashara yenyewe. Ni biashara ya kupangisha nafasi: kila mpangaji mpya ni kodi kwa mwenye mnara na ni upepo zaidi kwa mnara. Mpangaji anaajiri mkandarasi, mkandarasi anaajiri mkandarasi mdogo, na kijana anayepanda na mkanda kiunoni anapewa orodha ya vitu vya kufunga. Hesabu ya mnara, kama ipo, imebaki ngazi tatu juu yake, kwenye kompyuta ya ofisi ambayo hajawahi kufika.

Kila mnara unapobadilisha mikono, karatasi ndizo za kwanza kupungua. Miaka michache iliyopita nilimsaidia jamaa yangu aliyetaka kujenga nyumba jirani na mnara. Tuliomba jambo moja tu, waraka unaoonyesha mnara ule ulisanifiwa kubeba nini na sasa umebeba nini. Kampuni husika ilitujibu kwa adabu kwamba faili la usanifu lilibaki kwa mmiliki wa awali. Mmiliki wa awali akajibu kwamba alikabidhi kila kitu. Jamaa yangu alisogeza msingi wa nyumba hatua thelathini na kuacha mambo hapo.

Hata karatasi zikiwepo, zinaweza kudanganya bila mtu yeyote kukusudia. Kiwango cha Marekani cha minara, toleo la F la mwaka 1996, kilipima upepo kwa wastani wa muda unaochukua maili moja ya hewa kupita. Toleo la G la mwaka 2005 likahamia kwenye dharuba ya sekunde 3, na la H la mwaka 2017 likabaki hapo. Upepo ule ule unaoitwa maili 70 kwa saa kwa kipimo cha kwanza unaitwa maili 85 kwa cha pili. Ni kama debe na kilo: lazima ujue unasoma kipi. Fundi anayeuchukua mchoro wa zamani ulioandikwa 70 na kuuingiza kwenye programu mpya bila kubadilisha kipimo amepunguza mzigo wa upepo kwa karibu theluthi moja, na programu haitampigia kelele. Uingereza nayo ilikuwa na mwongozo wake wa upepo wa mwaka 1972 ambao wahandisi wengi wa Afrika Mashariki waliusomea na kuutumia kwa miongo. Minara iliyojengwa kwa vipimo tofauti imesimama jirani kwenye kilima kimoja, na ukiitazama kwa chini inafanana.

Na kuna ule "upepo wa miaka 50" ambao kila ripoti huutaja. Wanakijiji wakielezwa hivyo hudhani ni upepo utakaokuja baada ya miaka 50. Maana yake ni kwamba kila mwaka una nafasi 2 kati ya 100 za kuuona. Mnara ukisimama miaka 50 kamili, nafasi ya kukutana na upepo huo au mkubwa zaidi inapita asilimia 60. Hiyo ndiyo siku ambayo akiba iliyoliwa kidogo kidogo itahitajika yote kwa pamoja.

Nirudi kwenye ile minara 304 ya kuongezewa uwezo. Kuongeza uwezo ni neno la ofisini. Juu ya mnara lina umbo. Enzi za simu za sauti na ujumbe mfupi, redio zilikaa chini kwenye kibanda, na juu zilipanda nyaya nene na antena. Kwa mitandao ya intaneti redio zimehamishiwa juu, nyuma ya antena, masanduku yenye mbavu za kupoza joto, matatu, sita, tisa. Antena nazo zimepanuka ili zibebe masafa mengi zaidi. Kila sanduku linampa upepo mahali pa kushika. Naamini kabisa kwamba watoto wa sekondari ya Kigonsera wanastahili intaneti sawa na wa Masaki. Kwa sababu hiyo hiyo naona kila nyongeza ya namna hii ilipaswa kuanza na mtu anayepima unene wa chuma, kabla ya mtu anayefungua boksi la vifaa.

Upungufu wa mwisho ni wa mikono ya watu. Tarehe 11 Januari 2022 Kenya karibu nzima ilikosa umeme baada ya nguzo za njia kuu ya Kiambere hadi Embakasi kuanguka, na serikali ikasema vyuma vyake vilihujumiwa. Zile zilikuwa nguzo za umeme, ila zinasimama kwa kanuni ile ile ya mnara wa simu unaojisimamia. Mwizi anachukua chuma chembamba cha mshazari, kwa kuwa mguu ni mzito, na anadhani amechukua pambo. Chuma hicho ndicho kinachoushika mguu usipinde. Mguu mwembamba uliokuwa ukishikwa kila mita moja, ukiachwa huru kwa mita mbili, uwezo wake wa kuhimili mgandamizo bila kupinda unaweza kushuka hadi robo. Viwango vya Marekani vinapendekeza mnara wa stei ukaguliwe angalau kila miaka 3 na unaojisimamia kila miaka 5. Miaka 5 ni muda mrefu kwa mnara uliopoteza mishazari miwili wiki iliyopita, na anayeweza kuliona hilo asubuhi inayofuata ni mtu anayeishi pale pale.

Mtu wa namna hiyo nilikutana naye nje kidogo ya Kigonsera, mzee aliyekodisha sehemu ya shamba lake la mahindi kwa ajili ya mnara na ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa mlinzi wake. Nilimsalimu, akaniitikia marahaba, akaniuliza kama nimetumwa na kampuni. Nikamwambia hapana, mzee, naandika tu. Akaingia ndani akatoka na daftari la shule lenye jalada la bluu.

"Mwanangu, mimi sikusoma sana," aliniambia, "lakini kila gari lililokuja hapa nimeliandika."

Alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino, mistari mifupi: tarehe, rangi ya gari, idadi ya vijana, walichopandisha. Antena tatu. Dishi dogo. Dishi kubwa. Masanduku sita. Waya. Masanduku mengine matatu. Alikuwa na safu ya pili upande wa kulia wa kila ukurasa, ameipigia mstari kwa rula na kuiandika juu yake "vilivyoshushwa". Tulifungua kurasa zote, yeye akisoma na mimi nikifuata kwa kidole. Safu ya kulia ilikuwa tupu mpaka mwisho.

"Hili la kwanza," alisema akinyoosha mkono juu, kwenye dishi lililopauka lisilo na waya, "kampuni yake haipo tena hapa. Nimewaambia vijana mara mbili walitoe. Wanasema halimo kwenye kazi yao."